Kabla ya Amina, Tazama Chini ya Gari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kwa viatu. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari jekundu, uani kwa mtu North Buffalo, huku Marekani, na katika watu wote waliokuwepo nilichokiona ni viatu vyao tu. Vya baba yangu, ambaye ni babu yako. Vya Mzee Zakaria, mwenye gari. Na raba nyeupe za kaka yangu Amosi, baba yako, ambazo hazikutulia hata kidogo kwa furaha.

Juzi ulinitumia picha ya gari la zamani la milango miwili, ukaniuliza, "Shangazi, unalionaje?" Nikakujibu kwamba picha haionyeshi uvungu. Ukacheka. Mimi sikucheka, na leo nakwambia kwa nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Nilikuwa bado chuoni Columbus, naishi na babu yako kitongoji cha Whitehall, kwenye zile nyumba za kupanga ambako asiye na gari hafiki hata dukani. Nilikuwa nauliza kila kitu. Kwa nini mahubiri hayaishi? Kwa nini waliopika ndio wanaokula mwisho? Mama alikuwa akisema nilizaliwa na swali mdomoni badala ya kilio. Baba yako yeye alikuwa mji mwingine, Louisville, akisimama zamu nzima kiwandani Jeffersontown, pembeni ya mji. Jirani aliyekuwa akimpa lifti alikuwa amehama, na msimamizi alikuwa ameshamwonya kwa kuchelewa. Alihitaji gari la kumfikisha kazini, la sivyo kazi ingekwenda. Lakini moyo wake haukutaka la kumfikisha tu. Tangu tukiwa kambi ya wakimbizi Kigoma, alipoona picha ya gari la mbio la Kimarekani kwenye ukuta wa kinyozi, alikuwa akiliota: silinda nane, boneti ndefu, sauti inayomtangulia mwenyewe. "Nikilipata hilo," alikuwa akiniambia, "ndipo nitajua kweli nimefika."

Basi Mzee Zakaria alipopiga simu kutoka Buffalo kusema anauza lake, shauri lilikwisha kabla halijaanza. Zakaria alikuwa mzee wa kanisa, tena jirani yetu wa kambini. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa mabua. Mtu wa namna hiyo gari lake halikaguliwi. Kulikagua ni kumwita mwongo. Ndivyo tulivyo: mgeni tunamhoji mpaka umri wa matairi, ndugu tunamfumbia macho, kisha kufumba huko tunakuita heshima.

Mimi nilikuwa nimeuliza huku na huku. Buffalo ni mji wa theluji, na barabara zake humwagiwa chumvi msimu wote wa baridi. Chumvi haina haja na rangi unayoiona. Inakula kule chini usikotazama. Tulipofika kwa Mzee sisi watatu, niligusa boneti, ikawa ya moto. Mzee alikuwa ameshaliwasha. Injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika, mwanangu, ni kama mtoto aliyefundishwa la kusema mbele ya wakubwa: hutajua asubuhi huamka na kikohozi gani. Nilipouliza, Mzee akacheka.

"Msomi wetu! Siku hizi chuoni mnasomea boneti?"

Wote wakacheka. Ndipo nikatandika koti langu nikajilaza chini. Kwa juu gari lilimeremeta. Kwa chini lilikuwa limepakwa kitu cheusi, kizito kama lami, kingali kinanuka. Hakuna anayepamba uvungu wa gari kuukuu. Nikatoa ufunguo wa nyumba nikausukuma pale springi ya nyuma inaposhikia. Ukazama kama kwenye mkate. Magamba ya kutu yakamwagika chini, kando ya viatu.

"Mzee, hii nyeusi imepakwa lini?" nikauliza nikiwa kule kule. "Huku kumeoza. Ufunguo unapita."

Viatu vya Mzee vikageuka kunielekea. Kisha sauti ya Mzee, taratibu: "Binti, mmekuja kununua au kuhukumu?"

"Mdogo wangu, inuka basi," Amosi akasema. "Unanitia aibu."

"Kaka, chungulia. Mara moja tu."

"Gari gani la zamani halina kutu? Inuka bwana!"

Nikamgeukia babu yako. "Baba, inama uone."

Na hapo, kabla mtu yeyote hajainama, Mzee Zakaria akasema, "Tuombe."

Kwetu gari halikabidhiwi kabla ya kuombewa. Viatu vikasogeleana, nikajua mikono imewekwa juu ya boneti, macho yamefumbwa. Mzee aliomba kwa machozi, sitamnyima hilo. Akalitaja jina la baba yako, akalitaja na lako, nawe hujaanza hata shule. Akazikemea ajali, akayakemea mashimo ya barabarani. Mimi macho yangu yalikuwa wazi, yakitazama kutu. Nikaona kiatu cha baba kikisogea kidogo, kikatua juu ya yale magamba. Nikadhani amechoka kusimama.

Wakasema amina. Na baada ya amina, nani angerudi nyuma? Kulikataa gari lililoombewa ni kuikataa sala yenyewe. Nilipoinuka na koti langu chafu, Mzee alinitazama kwa upole uliouma kuliko kofi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akaniambia. "Ulishike hilo, msomi." Baba yako akapewa funguo, gari likanguruma mtaa mzima, na siwezi kukudanganya: lilikuwa zuri.

Hakulipeleka kwa fundi. Nilimsihi kwa simu wiki baada ya wiki. Alinijibu kwamba limeshaombewa.

Liliachia asubuhi moja ya baridi, akienda kazini, kwenye kona ya kuingilia barabara kuu. Pale pale nilipochoma ufunguo chuma kilichanika, gurudumu la nyuma likalala, gari likazunguka na kugonga ukingo. Mguu wake wa kulia ulivunjika vibaya. Ukaungwa, lakini haukurudi kuwa mguu wa kusimamia zamu, na kazi ile ilikuwa ya kusimama. Wewe unamjua baba yako akiwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mimi nilimjua akicheza na kwaya, mstari wa mbele.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba yako alilisikia la mkuu, mwanangu. Alilisikia vizuri kabisa.

Nilipofika hospitali kule Louisville nilijizuia nisiseme "nilikwambia", na sikusema. Aliyesema ni yeye, akitazama dari: "Ulimi wako huo. Ulilitamkia gari langu kuoza, likaoza." Nilidhani ni dawa za maumivu. Hazikuwa dawa. Mzee Zakaria alipopiga simu kuomba naye, alimpokea kwa shukrani. Mimi mpaka leo nikipiga siku ya Krismasi anasema "salama," kisha anampa mama yako simu. Aliyeuza gari amesamehewa bila hata kuulizwa. Aliyeonyesha tundu bado ana kesi.

Kwenye korido ya hospitali babu yako aliketi kando yangu, akawa anavitazama viatu vyake.

"Niliiona," akasema. "Ile kutu. Niliiona ikimwagika."

"Sasa mbona, baba?"

"Mzee mwenzangu alikuwa ameshafumba macho. Nikaweka kiatu juu."

Katika maisha yangu yote ya kuuliza, hilo ndilo jibu ambalo sikupata swali la kulifuata.

Kwa hiyo sikwambii uwatii wakubwa, wala sikwambii uwadharau. Nakwambia hivi: gari la mtu unayempenda likague kuliko la mgeni, maana kwa mgeni utakuwa macho hata usipoambiwa. Likute injini ikiwa baridi, uisikilize inavyoamka. Lipeleke kwa fundi asiyesali na muuzaji, alinyanyue, nawe usimame chini yake na tochi. Muuzaji akikasirika, hesabu hasira yake kuwa sehemu ya ukaguzi. Rangi mpya mahali pa kale iulize inaficha nini. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua; hawasemi kwamba mara nyingine anayeumia ni mwingine. Ukisharidhika, waite wazee waombe. Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na sala inayopakwa juu ya kutu.

Na ukiiona kutu wakati wenzako wamefumba macho, usiifunike kwa kiatu. Sema. Usingoje asante, mimi sijaipata.

Mungu wa babu yako akupe macho yanayochelewa kufumba. Akulindie miguu yote miwili, na akupe pa kuisimamisha. Na siku baba yako atakapokukuta umelala chini ya gari la watu, akakuuliza nani kakufundisha ujinga huo, mwambie ni mimi. Kisha umwombe ainame aone.