Miguu minne ya kitanda cha Kwamsisi

Jamani, leo mteja kanifundisha kazi kwenye karakana yangu mwenyewe, hapa Kilole.

Bibi mmoja kaleta kitanda cha chuma kutoka Kwamsisi.

"Kipunguze miguu, mjukuu wangu. Mzee wangu hawezi tena kukipanda."

Nikaanza kukata. Bomba jembamba, na mimi nimefunga bledi ya msumeno yenye meno makubwa. Yakanasa, matatu yakakatika.

Bibi akasema, "Bomba jembamba linataka meno madogo. Enzi za ujamaa tulikata mabomba ya maji ya kijiji, mimi na mzee wangu. Hata kitanda hiki kakiunga yeye."

Nikabadilisha bledi. Akaomba msumeno, akakata miguu mitatu mwenyewe.

Wa nne, akafika nusu, akanirudishia msumeno.

"Malizia wewe. Polepole."

Nimeukata huku sioni vizuri kwa machozi.

Nyie mngeweza kujizuia?