Redio Haisemi Huku Nyuma

Usiku ule nililala nyumbani kwa mama, Ilongero, huku nimemkasirikia mama mwenyewe. Mkoba wangu nilikuwa nimeshaufunga na kuuweka mlangoni. Niliapa kwamba kukicha nitamwamkia, nitawasha gari, nitarudi zangu Singida mjini, na hapo kwake sikanyagi tena mpaka anitafute yeye. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Marehemu baba alizoea kusema kwamba Zaituni huchemka kabla maji hayajabandikwa.

Gari lenyewe lilikuwa la baba. Alipofariki nilibaki na funguo, na pamoja na funguo nikabaki na kazi ya kumpeleka mama kila anakotaka: hospitali, misibani, harusini. Mama hakai kiti cha mbele, anasema kinamtia kizunguzungu. Hukaa nyuma, upande wa kushoto, pale pale alipokaa miaka yote nikiwaendesha yeye na baba. Na tangu baba aondoke akawa na wimbo mmoja tu: "Zaituni, redio yako huku nyuma haisemi." Naongeza sauti mpaka mimi huku mbele masikio yanauma, yeye bado anasema haisemi.

Basi asubuhi ya siku hiyo, kabla sijamfuata, nilipitia kwa fundi wa redio za magari. Aling'oa kiti cha nyuma, akafungua ule ubao ulio chini ya kioo cha nyuma, akachomoa spika mbili nyeusi zilizojaa vumbi. Akazigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Hizi zimekufa, dada," akasema.

Hakuzijaribu, na mimi sikumwambia azijaribu. Nilitaka mpya. Nilitaka mama afurahi, kwa sababu nilikuwa na habari nzito ya kumpa na nilitaka nimkute moyo wake uko sawa.

Habari yenyewe ni kwamba nilikuwa nimeondoka kwa mume wangu, Rajabu, na sikuwa na nia ya kurudi. Nilikuwa nalala kwa rafiki yangu wa kazini, nguo zangu nusu ziko kwake, nusu ziko kwa Rajabu. Karibu kila mtu alikuwa ameshajua isipokuwa mama. Mama yangu hakuwahi kulala nje ya nyumba yake kwa ugomvi, hata mara moja, na hakuficha alivyowaona wanawake waliofanya hivyo. Niliogopa neno moja tu kutoka kinywani mwake, nalo ni rudi.

Nikaona nimwambie garini. Ukiwa unaendesha, hakuna anayekudai umtazame usoni. Tulikuwa tunarudi kutoka harusini kwa ndugu yake, spika mpya zinasoma taarifa ya habari nyuma ya kichwa chake. Nikapunguza redio, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, nimeondoka kwa Rajabu. Sirudi tena."

Kimya. Nikasema tena, kwa maneno mengine. Kimya kile kile. Kisha mama, akitazama mashamba dirishani, akasema taratibu, "Alizeti mwaka huu imekubali."

Ningepigwa kofi ningeumia kidogo kuliko hapo. Nikaongeza mwendo mpaka nyumbani. Alipokuwa anateremka akaniambia kwamba redio bado haisemi. Nikaenda chumbani, nikafunga mkoba, nikajitupa kitandani na nguo nilizovaa harusini, na usingizi ukaja kwa shida.

Ndotoni ilikuwa mchana. Nilikuwa naendesha barabara ile ile, mawe makubwa yamesimama pande zote mbili, vumbi likiingia ndani bila mimi kuhisi lolote kooni. Kiti cha nyuma hakikuwepo. Fundi alikuwa hajakirudisha, na nyaya zilining'inia. Mama alikuwa ameketi chini, juu ya chuma kitupu, ameinyoosha miguu kama aliyekaa mkekani. Pembeni yake alikuwa baba.

Sikushangaa. Nilimwona kwenye kioo nikaona kawaida tu, kwamba baba naye yumo. Alivaa koti lake la kahawia la kazini, lile tulilomgawia jirani baada ya arobaini. Baba alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, na watu walimjua zaidi kwa kutafsiri. Bibi asiyejua Kiswahili akisema kwa Kinyaturu, baba anampelekea hakimu. Hakimu akisema, baba anamrudishia bibi. Kazi ile ikamganda. Alistaafu lakini hakuiacha. Mtu akisema jambo lolote nyumbani, baba anamgeukia mama na kulirudia, polepole, kila neno peke yake: Zaituni anasema sukari imeisha. Mgeni anasema hatakaa sana. Sisi watoto tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Tulisema mzee bado yuko mahakamani, mshahara tu ndio umekatwa.

Sasa ninamwona kwenye kioo amepakata zile spika mbili za zamani. Anazifuta vumbi kwa kiganja. Hazijaunganishwa na kitu, nyaya zake zimekatika na kubaki hewani, lakini zinasema. Msomaji wa habari anasoma, sauti safi kabisa, nami nasikia kila neno.

"Hizi nzima," anasema baba.

Nataka kumjibu kwamba fundi kasema zimekufa, lakini usukani ninaoushika si usukani tena. Ni ukingo wa kizimba. Nimesimama kizimbani na chumba kimejaa watu, wengine ni wa harusini, bado wana pilau kwenye sahani. Hakimu yuko juu. Uso wake siuoni, naona kalamu yake tu. Ananiuliza nina kesi gani na mama huyu.

Nami nachemka. "Amenisusa," nasema. "Nimemweleza shida yangu, kanyamaza. Anaona aibu kuzaa mtu kama mimi."

Mama yuko kwenye benchi la mbele, mikono juu ya mapaja, na anatabasamu. Ni tabasamu lake la misibani na harusini, dogo, la adabu, linalomtazama kila mtu na halimjibu yeyote. Linaniudhi kuliko tusi. "Mnamwona?" napiga kelele. "Mnamwona anavyonicheka?"

Baba anatoka mahali pa karani. Anakwenda mpaka mbele ya mama, anapiga magoti kwenye sakafu ya mahakama, mzee mzima na koti lake. Anaweka uso wake karibu na uso wa mama. Midomo yake inafunguka taratibu, neno kwa neno.

"Zaituni anasema umemsusa."

Tabasamu la mama linaporomoka. "Mimi?" anasema. "Nimemsusa mwanangu? Lini?"

Nataka kuteremka kizimbani nimfuate, na hapo ndipo sauti inakatika. Si kwamba watu wamenyamaza. Midomo ya hakimu inacheza. Watu kwenye mabenchi wanaulizana, mmoja ananinyooshea kidole, mwingine anacheka mpaka wali unamwanguka, na mimi sisikii kitu. Ni kama nimefungiwa nje ya nyumba huku taa zinawaka na wote wako ndani. Hakimu ananiuliza jambo. Najua ni swali kwa sababu wote wamenigeukia wanasubiri. Najipapasa masikio, yapo. Na ili wasijue, ili wasinione nimekuwa si mtu, najikuta natabasamu. Natabasamu tabasamu lile lile la mama, dogo, la adabu, nikimzungushia kila mtu macho, na ndani yangu nalia.

Gari limesimama kando ya barabara. Mahakama haipo. Mlango wa nyuma uko wazi na baba ameshateremka, anaweka spika zile mikononi mwangu. Zina joto. Sauti imerudi, nasikia upepo ukipita katikati ya mawe.

"Mimi nimeshatoka kazini, Zaituni," anasema. "Tangu nitoke, nani anamwambia mama yako?"

"Kumwambia nini, baba?"

Ananitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akimtazama shahidi ambaye hajaelewa swali.

"Lolote," anasema.

Kisha anakwenda zake kati ya mawe, bila haraka, mikono nyuma. Namwita. Namwita kwa sauti yangu yote, na hageuki.

Niliamka shavu limelowana. Kulikuwa kumekucha, na nje nilisikia fagio likipita uani. Nililala nikitazama dari, na mambo yakaanza kuja yenyewe. Mara ngapi nimebisha hodi nikakuta mama yuko jikoni na nikanuna kwamba kaniacha mlangoni. Mara ngapi nimempigia simu akanijibu la kwake, nikadhani hana habari na maneno yangu. Jinsi baba alivyokuwa hamwachi hata hatua, kila penye watu yuko ubavuni pake, na sisi tukisema wazee hawa wanapendana kupita kiasi. Baba hakuwa anarudia maneno kwa mazoea ya mahakamani. Alikuwa anamfikishia mama. Na siku tuliyomzika, sisi watoto tulirudi nyumbani tukaendelea kuongea kama kawaida, na hakuna aliyemgeukia mama.

Nikatoka. Mama alikuwa anafagia amenipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

Fagio likaendelea. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, na sitaficha, hasira yangu ikanyanyua kichwa kwa mazoea. Nikaimeza. Nikazunguka mpaka mbele yake, akashtuka, akashika kifua.

"Ee! Unatembea kama paka, we mtoto."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimtazama alipokuwa akiitikia. Macho yake hayakuwa machoni pangu. Yalikuwa mdomoni.

"Mama," nikasema polepole, "hunisikii vizuri?"

"Nakusikia. Kwa nini nisikusikie?" Akatazama langoni, akatazama fagio, kisha akaninyanyulia uso. "Nani kakwambia?"

"Baba."

Hakuuliza vipi. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko.

"Nilimkataza," akasema. "Nilimwambia watoto wasijue. Mkijua mtaninyang'anya jiko, mtaniambia nisivuke barabara peke yangu, mtaniweka pembeni kama mzigo. Akaniapia hatasema." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, na kicheko kidogo kikamtoka. "Mwanaume yule. Hata huko hajajifunza kunyamaza."

Nilichuchumaa mbele yake. Niliumia, nami namwambia msomaji wazi, niliumia kuliko nilivyoumia jana yake, kwa sababu safari hii sikuwa na wa kumlaumu.

"Jana garini nilisema na wewe," nikamwambia. "Mara mbili."

"Garini?" Alikunja uso akikumbuka. "Mimi kule nyuma naona kisogo chako tu, Zaituni. Sikujua kama ulikuwa unasema na mimi. Nilidhani tangu baba yenu aondoke huna tena la kuniambia." Akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga. "Ulisema nini?"

Hapakuwa na usukani wa kushika wala barabara ya kutazama. Uso wa mama ulikuwa karibu, na ulikuwa umezeeka kuliko nilivyojua.

"Nimeondoka kwa Rajabu, mama. Sirudi tena."

Aliufuata mdomo wangu mpaka neno la mwisho. Nikalisubiri lile neno nililoliogopa. Mama akaliegemeza fagio ukutani, akajizoazoa akasimama.

"Vitu vyako viko wapi?"

"Vingine bado viko kwake."

"Vaa viatu," akasema. "Twende tukavichukue."