Usiiamini Tyuna kwa Risasi Tatu

Naikumbuka vizuri Jumamosi ile, mwanangu. Ilikuwa siku ya mchujo katika klabu yetu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Kisumu, upande wa ziwani. Timu ya watu wanne ilikuwa inaenda mashindano Nairobi, na watatu walishapatikana. Ilibaki nafasi moja. Nilihesabu mara mbili, ikabaki moja.

Usicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nauza nguo za mitumba pale Otonglo, na hakuna mtu aliyewahi kunichagua niwakilishe watu mahali popote, hata kwenye mazishi. Lakini nikilala kifudifudi nyuma ya bunduki ya shabaha, ile ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, nilikuwa mtu mwingine. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tulikuwa tunalala kabisa.

Aliyenifundisha ni Mzee Okelo, fundi wa bunduki aliyestaafu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Wiki tatu kabla ya mchujo alifungua kitambaa akanionyesha kizito cha chuma cha mviringo, kinene kama betri kubwa ya tochi, kimezungushiwa vialama kama vya rula. Tyuna hiyo. Inafungwa kwenye mdomo wa mtutu, na ukiizungusha inasogea mbele au nyuma kidogo sana.

Aliona sijaelewa. Akachukua ufito wa kuvulia samaki, akaupiga kwa kidole. Ncha ikatetemeka.

"Mtutu nao hutetemeka hivi risasi ikipita," akasema. "Huwezi kuona, lakini unatetemeka. Risasi moja ikitoka ncha ikiwa juu, nyingine ikiwa chini, matundu yatatawanyika hata ukitulia kama jiwe. Sasa wewe unatafuta alama ambapo risasi hutoka wakati ncha imetulia."

"Nitaijuaje, Mzee?"

"Kwa kuhesabu, nyar Seme," akasema, akiniita binti wa kwetu Seme. "Si ndiyo kazi yako? Kila alama, risasi kumi. Siku nyingine, kumi tena. Risasi za aina moja. Asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Andika kwa daftari. Ukishapata, kaza skrubu, na usiiguse tena."

Mwanangu, asubuhi ya kwanza nilianza vizuri. Alama ya sita, matundu yametapakaa kama mahindi uwanjani. Ya kumi, vilevile. Nilipofika ya kumi na nne, risasi tatu zikaingia tundu moja. Tundu moja! Nilinyanyuka, nikaitoa karatasi ya shabaha, nikaitazama kwa jua, nikaiona nafasi yangu ya Nairobi imekaa pale katikati. Sikumalizia zile saba zilizobaki. Sikurudia siku nyingine. Mzee Okelo aliponiuliza, nilimwambia, "Tayari, Mzee, ni kumi na nne." Naye akaniamini, akaenda akawaambia wazee wa klabu kwamba mwanafunzi wake yuko tayari. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote.

Basi siku ya mchujo tulichelewa kuanza. Wewe wa hapa unajua: asubuhi ziwa limelala, lakini jua likishapanda upepo unageuka na kuja nchi kavu, tena hauji kwa nidhamu. Unakuja, unaacha, unakuja kwa upande. Tulipolala kwenye mstari, vitambaa vya upepo kule mbele vilikuwa vinacheza kila kimoja ngoma yake.

Kulia kwangu alikuwa Akinyi, muuguzi wa kutoka Kombewa, tuliyekuwa tunagombania naye ile nafasi. Bunduki yake ilikuwa mtutu mtupu, haina hata pambo. Aliiangalia yangu.

"Dada, hiyo ni redio?"

"Ni tyuna."

"Haya. Ukipata stesheni ya taarifa, niambie."

Risasi yangu ya kwanza ikaenda kushoto. Ya pili katikati. Ya tatu kushoto zaidi. Nikajiambia, alama imekosea. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua; mimi nilisingizia chuma. Nikatoa risasi, nikafungua bunduki, nikamwinulia mkono msimamizi, akaniruhusu, nikapeleka mkono mbele nikazungusha hadi kumi na saba. Nikarudi. Moja nzuri. Moja mbaya. Nikazungusha tena. Kila nikizungusha, matundu yanahamia mahali pengine, nami naanza kulenga upya, na saa inakimbia. Mikono ililowa mpaka nikaipangusa kwa nywele. Nilikuwa nausikia moyo wangu kwenye kitako cha bunduki, na kila pigo lake lilikuwa linaisogeza shabaha.

Akinyi alikuwa amelala tu. Upepo ukija, anangoja. Vitambaa vikilegea, anafyatua. Halafu anangoja tena, kama mtu anayechemsha maharagwe na hana safari.

Msimamizi alipoita muda umekwisha, nilikuwa na risasi nne ambazo sikuzifyatua. Sikuhitaji kusikia matokeo, lakini niliyasikia. Akinyi ndiye aliyekwenda Nairobi.

Mzee Okelo alinikuta nafunga bunduki kwenye mfuko wake. Hakupandisha sauti.

"Umezungusha mara ngapi leo?"

"Mara tatu, Mzee."

"Hesabu tena."

Nikahesabu. "Tano."

"Mmh. Na ile kumi na nne, uliijaribu siku ngapi?"

"Siku moja, Mzee. Risasi tatu tu," nikakiri. Kikohozi kikampitia, akasubiri kiishe.

"Mteja akija pale kwa nguo zako akitaja bei ya kwanza, unachukua?"

"Siwezi, Mzee. Bei ya kwanza si bei."

"Sasa mbona risasi tatu zilipokutajia bei ya kwanza, uliichukua mbio hivyo?"

Nikamaliza kufunga mfuko. Kesho yake asubuhi, ziwa likiwa kimya, alinirudisha kwenye mstari, alama kumi na nne, risasi kumi. Zikatawanyika vibaya kuliko za alama ya sita. Zile tatu za kwanza zilikuwa bahati tu, mwanangu, na bahati hairudi kwa kuitwa. Tulirudia alama zote kwa utaratibu wake. Alama ya kweli ilikuwa ishirini na mbili, na tofauti iliyoleta ni kama unene wa punje ya mtama. Punje moja! Nilikuwa nimepoteza Nairobi nikiitafuta punje katikati ya upepo uliokuwa unazisukuma risasi mbali mara kumi zaidi.

Kwa hiyo, nyinyi vijana ninaowaona siku hizi na tyuna zinazong'aa, nisikilizeni. Chombo hupimwa siku ya utulivu, si siku ya hukumu. Jaribio lililokufurahisha, lirudie siku ambayo huna furaha. Likikubali tena, hapo ndipo unaweza kuliamini. Ukishakaza skrubu, toa mkono, tazama upepo. Hofu itakwambia uguse kitu, kwa sababu hofu haiwezi kukaa bila kazi. Iache ikae bila kazi. Na aliyekuamini akikuuliza kama uko tayari, usimjibu kwa tamaa, mwambie, "Bado, nipe wiki moja."

Mungu akutulize pumzi pale moyo unapopiga kelele, akupe subira ya kungoja kitambaa kilegee, na jina la mwalimu wako lisiaibike kwa mkono wako. Enda salama, mwanangu.