Siku Tuliyowaelekeza Ng'ombe kwa Chifu

Harufu ya majani ya bwombwe yaliyopondeka bado inanifuata. Ni mmea wa kutambaa ambao wanaume wa kwetu, upande wa Uriri, walijizungushia kichwani na kifuani mtu mzima akifa, kisha wakakimbiza ng'ombe kwa pembe na mikuki hadi mpakani, ili kifo kitoke kijijini. Nilikuwa na miaka kumi na nilipewa fahali mkali kuliko wote, kwa sababu hata wakati huo hakuna mnyama aliyenishinda. Leo, mimi niliyeachia shule darasa la tano, hakuna ng'ombe wa maana anayeuzwa soko la Ogwedhi kabla sijamtazama meno. Muulize yeyote.

Msimu huo tulimzika Mzee Obiero. Askari wa chifu walimpiga mpaka akafa, eti kuni alizoleta zilikuwa chache. Chifu alikuwa na banda kubwa la kukaushia tumbaku, na moto wake haukuruhusiwa kuzimika. Kila boma lilikata kuni za moto huo, na kwa zamu lilitoa mtu wa kuuchochea usiku kucha, bila malipo, bila hata uji. Mahindi yetu yalimezwa na magugu huku tukipalilia tumbaku yake. Baba yangu alikwenda kwa D.O., mkubwa wa chifu, mara tatu kulalamika. Mara ya tatu alifungiwa siku nne, akarudi bila viatu.

Siku ya kufukuza kifo, tulipofika mtoni, pale tulipozoea kugeuka, Baba alisimama. "Kifo hakiishi ng'ambo ya mto," alisema. "Kinaishi kwa chifu." Mjomba wangu Ochieng' akanung'unika kwamba kule kuna bunduki. "Na huo mkuki, shemeji, umeubeba wa kuchokolea meno?" Baba akamuuliza. Watu wakacheka, kwenye matanga! Kicheko hicho ndicho kilichotuondolea woga. Nikamgeuza fahali, ng'ombe wote wakamfuata. Chifu alitorokea dirishani, askari wake wakatupa bunduki wakakimbia, na wanaume wakatia moto lile banda. Tumbaku kavu haina mchezo; paa lilianguka kabla hatujamaliza wimbo.

Sasa, mtu anayechochea usiku hulala mchana, ndani ya stoo ya kuni iliyoshikana na banda. Kila mwanamume pale alijua, maana kila mmoja aliwahi kulala humo. Hakuna aliyeuliza zamu ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Odero, jirani yetu, aliyenyimwa ruhusa ya kuja kuzika. Tulimkuta jioni, majivu yalipopoa.

Chifu hakurudi tena, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyechochea moto wa mwingine kwa kiboko. Baba alifungwa miaka mitano. Alipotoka, kila msimu alilima shamba la mjane wa Odero kwanza, ndipo letu, hata mwaka ule mvua ilipotudanganya tukalala njaa.

Siku hizi chifu akija kwangu hubisha hodi, huvua kofia na kungoja nimkaribishe. Kijana wangu anayesoma chuo Homa Bay alikuwa nyumbani juzi, wenzake wakiwa barabarani wakiandamana na kupigwa na polisi, akaniuliza, "Mzee, kwani nyinyi mlikosea ama hamkukosea?" Nikamwambia kwenda hatukukosea. Mtu akiwaua wazee wenu, mkalalamika kote na kila mlango ukafungwa, mkuki ni haki yenu. Ningekuwa mkubwa siku ile ningetangulia mimi. "Na Odero?" akauliza. Mimi ninayenyamazisha soko zima niliinama kutafuta fimbo yangu chini ya kiti. Akafunga kamba za viatu, akaondoka kwenda kwa wenzake. Sikumzuia. Nilimfuata hadi langoni na kumwambia tu kwamba kabla hawajawasha kitu chochote, mtu aingie ndani kwanza aangalie.