Pasipoti ya Dada Ubalozini

Tulikuwa tunapalilia maharage shambani kwetu Bukiriro, mimi na baba, redio yake ndogo ikining'inia kwenye mgomba. Baba husikiliza habari za ng'ambo ya mto kwa Kinyarwanda, lugha aliyokuja nayo alipokimbia Rwanda kuja huku Ngara, Tanzania, akiwa mvulana. Ghafla aliacha kulima, akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Rwanda ilikuwa imevunja uhusiano na Ubelgiji. Wanadiplomasia wa Kibelgiji walikuwa wamepewa saa arobaini na nane wawe wameondoka.

"Waende," baba alisema. "Wamechelewa kuondoka."

Mimi niliangusha jembe, nikatoa simu mfukoni. Pasipoti ya dada yangu ilikuwa ndani ya ubalozi wao.

Dada ameolewa Kigali. Binti yake anaishi Ubelgiji, na siku chache kabla alikuwa amejifungua kwa upasuaji, akiwa hana mume wala ndugu karibu. Kidonda kilianza kutoa usaha, homa ikampanda. Dada aliomba viza akamuuguze. Unga wa ulezi na khanga za kumfunga mzazi tumbo vilikuwa tayari kwenye begi.

Nilimpigia dada palepale shambani.

"Niko nje ya geti la ubalozi," alisema. "Tumejaa hapa, hakuna anayetuambia kitu."

"Viza imetoka?"

"Mdogo wangu, hata pasipoti yenyewe sijui kama nitaiona. Na mwanangu hapokei simu tangu jana."

Baba alikuwa ananisikiliza. "Nilisema mjukuu wangu asiende kwa watu wale."

"Baba, mjukuu wako anaumwa! Hayo mambo ya zamani yatamsaidia nini leo?"

Sikuwa nimewahi kumpandishia baba sauti. Alichomeka jembe ardhini. "Wewe hukumwona baba yangu, enzi za utawala wao, amelazwa kifudifudi anachapwa, eti kahawa yake ina magugu. Mimi nilikuwepo."

Tuliendelea kupalilia kila mmoja kwenye tuta lake. Kila simu ilipoita, wote wawili tulishtuka.

Kesho yake mchana, tukiwa tena shambani, dada alirudishiwa pasipoti. Alifungua kurasa zote pale barabarani akiwa kwenye simu na mimi. Viza haikuwemo. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Hatujakaa sawa, ikaingia simu ya video kutoka namba ya nje. Nilipopokea nikaona bibi wa Kizungu mwenye mvi, amembeba kichanga. Alikuwa anaongea Kifaransa haraka haraka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Najua Kiswahili, Kinyarwanda cha baba, Kihangaza cha hapa Ngara na Kiingereza cha darasani. Nilibaki namuuliza tu, "Mama yake yuko wapi? Mama?"

Baba aliichukua simu mkononi mwangu. Akakohoa, kisha akamsalimia yule bibi kwa Kifaransa. Alitafuta maneno, akakwama, akaanza upya. Nilikuwa sijawahi kumsikia akitamka hata neno moja la lugha ile.

"Amerudishwa hospitali," alinitafsiria. "Wamekisafisha kidonda. Homa imeshuka. Huyu ni jirani yake wa ghorofa ya chini, kapewa namba yako na mpwa wako, anasema mtoto atakaa naye mpaka mama atoke."

Nilikaa chini kwenye majani na kumpigia dada.

Baadaye nilimuuliza baba alijifunzia wapi Kifaransa. "Kwa mapadri, kabla hatujakimbia."

"Mbona hukutufundisha?"

"Ningewafundisha ya nini?"

Mpwa wangu alipona. Dada hajaenda mpaka leo. Anamwona mjukuu kwenye simu. Baba naye hajabadili kauli yake juu ya Wabelgiji. Ila Jumapili iliyofuata simu ile, tulipotoka kanisani, aliniomba nimpigie tena yule bibi. Alitaka kujua mtoto amepewa jina gani.