Viazi vya Danuta

Danuta, Mpoland aliyekuwa mkuu wetu wa jiko kule Chicago, alichoshwa na midomo. Kila asubuhi tukimenya viazi, Lesia wa Ukraine alisema "kartoplia", Radmila wa Serbia akasema "krompir", na ugomvi ukaanza.

"Neno lenu mmeliokota kwa Wajerumani," Radmila alimchokoza.

"Na lenu mlishushiwa kutoka mbinguni?"

"Nyie mama wawili mtaniua," Danuta alikuwa akifoka. "Kwetu ni ziemniak, basi. Menyeni, mnyamaze."

Siku Lesia alipohamia Kanada kwa binti yake, alikuja kutuaga, mabegi yakiwa mlangoni. Kwao, kama kwa kina Danuta, mtu hafungi safari ndefu kabla wote hawajakaa kidogo bila kusema neno. Tukakaa juu ya magunia ya viazi. Hata Radmila alifunga mdomo. Danuta alikodolea macho sakafu. Kimya alichokidai miaka yote kikamshinda yeye wa kwanza.

"Haya, Lesia," akafoka, "na huko Kanada utabishana na nani?"