Nilivyotafsiri Michungwa ya Mzee Masalu

Jamani, mimi simcheki mtu aliyekosea Kiingereza. Wenzangu kazini wakicheka mimi nainama nakoroga chai, kwa sababu mtu aliyeangusha michungwa ya baba mkwe wake kwa ajili ya maneno mawili tu ya Kiingereza hana mdomo wa kumcheka mwenzake. Najua mlishasikia kwa watu. Leo sikieni kwa mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vya samaki vinafunguliwa Mwanza kimoja baada ya kingine, wageni wamejaa mjini na kila kijana anataka Kiingereza. Mimi nilikuwa napakia minofu ya sangara kiwandani Nyakato, na jioni nasoma kozi kwenye gereji iliyogeuzwa darasa (mwalimu wetu alitufundisha kwamba neno likikushinda, tabasamu useme "yes", na huo ndio ushauri pekee nilioushika barabara). Nilikuwa na tai moja ya mtumba na mchumba mmoja, Kabula, kwao Sengerema. Baba yake, Mzee Masalu, alikuwa hajanikubali wala hajanikataa. Alikuwa bado ananikagua kama ng'ombe wa mnadani.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na michungwa. Mama Kabula aliuza machungwa kwa abiria wa kivuko, na mzee naye alikuwa anayala tangu asubuhi, kikapu miguuni, kisu mkononi, mpaka akaanza kukonda na kunywa maji ndoo nzima. Basi wakaja madaktari wageni kupima watu bure kwenye uwanja wa shule, Kabula akaniomba niwasindikize wazazi wake, na mimi nikavaa tai.

Watu walikuwa wengi kama mnada. Nesi aliyekuwa akitafsiri akaitwa hema la pili, daktari akabaki anatutazama na sisi tunamtazama. Mzee Masalu akasema kwa sauti, "Kizungu si tatizo. Mkwe wangu huyu anakisomea."

Mkwe! Hajawahi kuniita hivyo. Sasa wewe ungekaa? Nilinyoosha tai nikasimama.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Sukari imepanda, hiyo nikaielewa, hata machungwa nilimwonyesha daktari kwa vidole jinsi mzee anavyoyamenya. Ndipo daktari akashtuka, akasema mzee lazima "cut down" halafu machungwa. Nami maneno hayo nilikuwa nayajua! Shuleni kwetu lilikuwepo bango la kukataza watu kukata miti, limeandikwa hivyo hivyo, nimelipita miaka saba. Nikageuka kwa kujiamini kabisa.

"Baba, daktari anasema michungwa ikatwe."

"Ikatwe? Michungwa na damu yangu vinahusiana nini?"

"Ni utaalamu, baba."

Mzee akafikiri. "Muulize, yote?"

Nikamuuliza daktari kama ni yote. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, akaonyesha kwa kiganja, nusu tu. Kisha akainua kidole akaongeza: hasa yale matamu.

"Siyo yote, baba. Nusu. Hasa ile mitamu."

Mama Kabula akaniuliza, "Huyo daktari mitamu ameiona wapi?"

"Kwenye damu, mama," nikamjibu. (Mpaka leo sijui jibu lile lilitoka wapi.)

Kesho yake tukakata. Shoka la kwanza nilipiga mimi, maana mkwe asiye na bidii ni mkwe gani, na majirani walipokuja kushangaa nikawaeleza kwa upole kwamba sayansi imeendelea. Mama Kabula hakutoka nje. Miti ilikuwa imebeba, machungwa yanadunda chini yanabingirika mpaka barabarani, na wapita njia wanaokota. Kilichobaki ni ile michachu, ambayo hata mbuzi wa pale walikuwa wanaipita tu.

Wiki iliyofuata tukarudi kwa daktari. Safari hii nesi yupo, dada mmoja mwenye sauti ya kufika mbali, na foleni nzima nyuma yetu inasikiliza kwa sababu haina kazi nyingine. Wakapima. Daktari akafurahi, akasema kitu, nesi akatafsiri: "Anasema sukari imeshuka vizuri. Anauliza, machungwa umepunguza?"

"Sijapunguza, nimekata kama alivyoagiza," mzee akajibu kwa fahari.

Nesi akadhani ni namna ya kusema tu, akamwambia daktari ndiyo. Daktari akampigia makofi.

"Anasema hongera. Je, ilikuwa vigumu?"

"Vigumu sana, binti yangu. Mpini wa shoka umevunjika, ikabidi tuazime msumeno."

Nesi akashusha kalamu. "Msumeno wa nini, baba?"

"Wa michungwa. Si alisema nusu? Tena mitamu."

Nesi alinitazama mimi, akatazama tai, akaelewa. Alijitahidi kumtafsiria daktari lakini katikati kicheko kikamshinda, akainamia meza, na foleni ikapokea. Ndipo nilipojua kwamba maneno yale yale yanayoangusha mti, Mzungu huyatumia pia kwa kupunguza chakula. Daktari peke yake hakucheka. Alishika kichwa akawa anamwomba mzee radhi, mzee akiitikia "marahaba, marahaba" kwa sababu hakujua anaambiwa nini, na safari hii hakuniuliza mimi.

Mzee Masalu alinishangaza. Njiani alicheka mwenyewe, akasema afadhali amepona. Aliyeniumiza ni Mama Kabula. Tulipofika alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye visiki, akasema bila kunigeukia, "Mwanangu, sukari ilikuwa ya kwake. Miti ilikuwa ya kwangu. Kwa nini hukuuliza?"

Nilikwenda Usagara kutafuta miche, nikavuka nayo kwenye kivuko abiria wakiniuliza nafungua shamba wapi, nikaipanda kwa mikono yangu na kila likizo nikaenda kuimwagilia. Kabula nilimwoa miche ikiwa imenifika kiunoni. Baba yake alikwisharidhia siku nyingi, tuliyekuwa tunamsubiri ni mama.

Tangu hapo nikiambiwa neno nisilolijua, la Kiingereza au hata la Kiswahili, nauliza hapo hapo mbele za watu. Wanacheka, wakichoka wananieleza. Mchungwa ukiuangusha ndugu zangu, utakaa miaka unausubiri, na mama mkwe naye amekaa kibarazani anakutazama.